Kimea Kilichogoma: Kisa cha Kikundi cha Wawekezaji Wadogo Dodoma

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kikundi cha wawekezaji wadogo wa Dodoma walioamua kutengeneza kinywaji kisicho na kilevi cha kimea cha mtama, yaani mtama uliooteshwa kisha ukakaushwa, wakapata faida katika mizunguko ya mwanzo, kisha wakaingia katika kipindi kirefu cha hasara ambacho kila mara walikilipia kwa mchango mpya. Jina la kikundi na majina ya wanachama hayatajwi. Kilichonivuta kukiandika ni kwamba katika kikao kimoja, kuhusu tatizo lile lile, zilitolewa sababu tatu zilizotoka pande tatu za elimu. Fundi wa mitambo alisema mtama ulionunuliwa ni dhaifu. Mweka hazina alisema soko linahitaji subira na mtaji zaidi. Mwanachama mkubwa kuliko wote kwa umri, mama mmoja mwenyeji wa Chamwino, alisema banda lina mkosi na mkosi haukai na watu bila kuondolewa.

Watafiti wengi wangechagua moja kati ya sababu hizo na kuziacha nyingine mbili kama kelele. Nilivyokisoma kisa hiki, biokemia inaeleza kwa nini kinywaji kiliharibika, lakini haielezi kwa nini watu wenye akili timamu waliendelea kukilipia. Hilo liko katika tabia ya mwekezaji mbele ya hasara. Na namna walivyotoka katika mtego huo haieleweki bila kuutazama mkosi kwa macho ya anthropolojia.

Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mtama na uwele ndiyo nafaka zinazostahimili hali hiyo pale ambapo mahindi hukauka yakiwa yanatoa mbelewele. Mbegu kama Tegemeo, Pato na Macia zimekuwa mikononi mwa wakulima kwa miaka mingi, kituo cha utafiti cha Hombolo kimejikita katika nafaka hizo, na viwanda vya bia vimekuwa vikinunua mtama mweupe mkoani. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umejaa watumishi wenye mshahara wa uhakika na hamu ya kuanzisha kitu cha pembeni. Kikundi hiki kilikuwa mchanganyiko wa watu hao, wafanyabiashara wa Soko la Majengo, na mwalimu mmoja mstaafu aliyepewa uenyekiti. Walianza kama kikoba cha kuweka na kukopa, wakanunua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na baadaye wakaona fedha inaweza kufanya kazi hapa hapa nyumbani.

Mizunguko ya kwanza ilifanywa jikoni kwa mwanachama mmoja. Unga wa mtama ulipikwa uji, ukaachwa upoe hadi kidole kivumilie, kisha kikatiwa kimea cha ulezi kilichonunuliwa sokoni kwa mama muuza togwa. Uji mzito wa kushika mwiko ulilegea mbele ya macho yao, ukawa mwepesi na mtamu bila sukari. Walichuja, wakachemsha, wakaweka kwenye chupa, wakauza zote. Ndipo wakanunua tangi la chuma lenye moto chini, wakajenga chumba cha kuoteshea mtama wao wenyewe pembezoni mwa mji upande wa Ihumwa, na wakapata mwongozo wa uzalishaji ulioandikwa kwa ajili ya shayiri. Siku ya uzinduzi padri aliomba, shehe akaomba, utepe ukakatwa.

Baada ya hapo kinywaji kiligoma. Kilitoka chepesi kisicho na utamu, na kikikaa usiku kucha kilishusha tope jeupe chini ya chupa. Waliongeza sukari ya dukani kukificha, gharama ikapanda, wateja wakarudisha chupa.

Hapa inafaa kuingia ndani ya punje. Wanga wa nafaka umepangwa katika chembe ndogo ngumu, na vimeng'enya, yaani protini za punje zinazouvunja wanga kuwa sukari, haviwezi kuukata ipasavyo mpaka chembe hizo zivimbe na kuiva katika maji ya moto. Vimeng'enya viwili ndivyo vyenye kazi kubwa katika kimea. Alfa-amilesi hukata minyororo ya wanga katikati, popote inapopafikia, na ndiyo inayolegeza uji. Beta-amilesi huanzia mwishoni mwa mnyororo, ikitoa vipande vya sukari iitwayo maltosi kimoja baada ya kingine, na ndiyo yenye mchango mkubwa katika utamu. Punje inapoloweshwa na kuanza kuchipua, nguvu hizo huamka. Katika shayiri sehemu kubwa ya alfa-amilesi hutengenezwa na tabaka linalozunguka hazina ya chakula cha punje, ilhali katika mtama kazi hiyo hufanywa zaidi na sehemu ya kiinitete chenyewe. Si jambo dogo kwa mwoteshaji, kwa kuwa punje ya mtama yenye kiinitete kilichokufa kwa jua kali au kuliwa na fukusi haitatoa kimea hata ikilowekwa wiki nzima.

Tofauti iliyokiangusha kikundi, hata hivyo, ni ya joto. Wanga wa shayiri huiva kwa kawaida chini kidogo ya nyuzi 65 za Selsiasi, na kwa hiyo mtengenezaji anaweza kuchanganya kimea na maji, akashikilia nyuzi 65, na wanga ukaiva huku vimeng'enya vikiwa bado hai. Wanga wa mtama huhitaji kati ya nyuzi 68 na 78 hivi. Kufikia joto hilo beta-amilesi, ambayo katika mtama ni haba tangu mwanzo, hufa upesi, na alfa-amilesi nayo huanza kuchoka kadiri joto linavyokaribia 80. Anayefuata mwongozo wa shayiri neno kwa neno anabaki na wanga mbichi na vimeng'enya visivyo na cha kukata. Anayepandisha moto ili wanga uive anaua vimeng'enya kabla havijaanza kazi. Njia inayojulikana kwa wanaotumia mtama ni kutenganisha mambo hayo mawili: kimea huchanganywa na maji ya uvuguvugu, maji ya juu yenye vimeng'enya huchotwa na kuwekwa kando, mashapo yenye wanga hupikwa hadi yaive, hupozwa mpaka karibu nyuzi 65, kisha maji yale hurudishwa. Nigeria ilipopiga marufuku uingizaji wa kimea cha shayiri mwaka 1988, viwanda vyake vya bia vililazimika kupambana na tatizo hili hili kwa kiwango kikubwa, na vingi vilikimbilia vimeng'enya vya kununua.

Mama muuza togwa hakuwahi kusikia habari za beta-amilesi, lakini utaratibu wake wa kupika kwanza, kupoza, kisha kutia kimea unalijibu swali zima. Kikundi kilikuwa nao mikononi na kikauacha pale kiliponunua tangi. Mitambo hii ilikuja na heshima yake, na heshima hiyo ilifunika utaratibu wa jikoni.

Tanini nayo ilichangia, ingawa kwa uzito mdogo. Wakulima wengi wa Ugogo, nchi ya Wagogo mkoani Dodoma, hawakubali kuacha mtama mwekundu kabisa, kwa sababu ndege aina ya kweleakwelea wakivamia shamba huanza na ule mweupe mtamu na kuacha ule mchungu. Uchungu huo ni tanini, na tanini hujishikiza kwenye protini, vimeng'enya vikiwemo, ikavilemaza. Magunia yaliyoletwa bandani yalikuwa na mchanganyiko. Fundi aliposema mtama ni dhaifu hakuwa mbali sana na ukweli. Alichokosea ni kuufanya mtama kuwa sababu yote. Kosa jingine lililoepukwa kwa bahati ni la mizizi na machipukizi. Miche michanga ya mtama ina kemikali iitwayo dhurini, ambayo kimeng'enya cha mmea huo huo huipasua na hatimaye kutoa sumu ya sianidi; kila mfugaji wa mkoa huu anajua kutowaachia ng'ombe machipukizi ya mtama yaliyoota upya baada ya mavuno. Kimea kilikaushwa vizuri na kupukutwa mizizi kwenye chekecheke, na kinywaji kikachemshwa.

Jaribio lililothibitisha haya lilikuwa rahisi kuliko mjadala wote uliolitangulia. Katika kikao, kwenye kisahani cheupe cha chai, nilidondosha kinywaji kutoka kwenye tangi, na juu yake tone la tinksha ya iodini kutoka duka la dawa. Rangi ya kahawia iligeuka papo hapo ikawa buluu iliyoiva, karibu nyeusi, maana yake wanga bado uko. Mama muuza togwa, aliyealikwa siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu enzi za jikoni, alileta togwa yake kwenye chupa ya maji. Tone lake likabaki na rangi ya iodini yenyewe. Akalamba kinywaji cha tangi, akamgeukia mwenyekiti, akasema: "Mwalimu, huu haujapikwa. Mmeloweka unga." Mwalimu alicheka, halafu akanyamaza.

Mpaka hapo mwanabiokemia angefunga daftari. Lakini jaribio hilo lingeweza kufanywa mwezi wa kwanza wa hasara, na gharama yake haizidi bei ya soda chache. Kwa nini halikufanywa?

Sehemu ya jibu iko kwenye vitabu vya mweka hazina, ambavyo vilitunzwa vizuri sana, na nadhani hapo ndipo pakuogopea. Kila katoni iliyoshindwa kuuzwa iliandikwa kama mali, kwa gharama iliyotumika kuitengeneza. Kadiri kinywaji kibovu kilivyozidi kurundikana ghalani, ndivyo mali za kikundi zilivyoonekana kuongezeka katika taarifa ya mwisho wa mwezi. Hakuna aliyedanganya, hapakuwa tu na mstari wa kuandika kwamba kitu kimekufa. Na fedha ya kuendeshea ilipopungua, waliuza vipande vyao vya mfuko wa uwekezaji, vile vile vilivyokuwa vimepanda thamani, wakatia fedha kwenye tangi.

Tabia hiyo inafahamika. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba hasara humuuma mtu zaidi ya jinsi faida ya kiasi kile kile inavyomfurahisha, na kwamba akiwa tayari ndani ya hasara huwa mwepesi wa kucheza bahati nasibu ili arudi sifuri. Hersh Shefrin na Meir Statman walilipeleka wazo hilo kwenye soko la hisa mwaka 1985: wawekezaji huuza mapema kinachopanda na kung'ang'ania kinachoshuka, kwa kuwa kuuza kinachoshuka ni kukiri. Terrance Odean akalipima mwaka 1998 kwa kumbukumbu za akaunti 10,000 za wakala mmoja wa hisa wa Marekani kati ya 1987 na 1993, na kukuta kwamba kati ya faida ambazo wawekezaji wangeweza kuzichukua walichukua asilimia 14.8, ilhali kati ya hasara ambazo wangeweza kuzikubali walikubali asilimia 9.8 tu. Kikundi chetu kilifanya hivyo hivyo bila wakala wala soko. Barry Staw naye, mwaka 1976, alionyesha kwamba anayeongeza fedha nyingi zaidi kwenye mradi unaoanguka ni yule aliyeuchagua mwenyewe mwanzoni. Na katika mihtasari ya kikundi, wanachama watatu waliosafiri kwenda kuchagua tangi ndio waliotoa hoja ya kila mchango mpya. Mwanachama mmoja aliyetaka kujitoa aliambiwa hisa yake haiwezi kukokotolewa kwa sasa. Alikuwa sahihi kutaka kutoka, nao walikuwa sahihi kwamba haikokotoleki, maana thamani yote ilikuwa ghalani kwenye chupa.

Wana Dodoma hawahitaji kwenda Marekani kutafuta mfano. Kule Kongwa, kati ya 1947 na 1951, serikali ya Uingereza ilizika pauni zipatazo milioni 36 katika mpango wa karanga uliokusudiwa kufunika zaidi ya ekari milioni 3 za Tanganyika. Mvua zilikuwa haba, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja majembe na kuzifungia karanga ardhini, na jibu la waendeshaji kwa muda mrefu lilikuwa kuongeza mashine, yakiwemo matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman. Walioendesha mpango ule walikuwa na wahasibu bora kuliko mweka hazina wetu.

Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba hasara haikuja kila mara. Mara chache kinywaji kilitoka kitamu kiasi. Kipimajoto kilifungwa juu ya tangi, huku moto ukiwa chini. Siku ambazo msukaji, yaani mkorogaji wa tangi, alichelewa kusuka, wanga wa chini uliiva kwa kuungua-ungua, na vimeng'enya vya juu, vilivyokuwa bado hai, vikaushukia pale uliposukwa. Wafanyakazi hawakuliona hilo. Waliona kwamba siku fulani, kwa mkono wa mtu fulani, kinywaji "kinakaa". Miiko ikazaliwa: kutoongea wakati wa kusuka, kutoingia na viatu kwenye chumba cha kuoteshea, na kijana mmoja aliondolewa zamu kwa kuwa mkono wake ulisemwa kuwa mzito. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski aliona kitu cha namna hiyo katika visiwa vya Trobriand, katika bahari ya Pasifiki: wavuvi wa maji tulivu ya ndani ya miamba, ambako samaki ni wa uhakika, hawakuwa na uganga wa uvuvi, ilhali wavuvi wa bahari kuu walikuwa nao mwingi. Miiko ya bandani ilikuwa ya bahari kuu. Ilimdhuru kijana mmoja, na haikugusa joto.

Lakini kauli ya mama wa Chamwino haikuwa ya aina hiyo. Hakusema tambiko litakifanya kinywaji kiwe kitamu. Alisema mkosi uondolewe. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kuhusu miviga, yaani sherehe za kimila, ya utakaso ambayo Wagogo waliifanya maradhi yalipoingia kwenye mifugo. Wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika mikuki, wakachunga ng'ombe, wakacheza kwa ukali, na mwishowe wakaubeba ule ubaya hadi mpaka wa magharibi wa nchi na kuutupa huko. Max Gluckman, mwanaanthropolojia mwingine aliyeandika kuhusu Wazulu, angeona katika mageuzo hayo waliokandamizwa wakipewa siku moja ya kupumua. Rigby aliyasoma vingine, kama kugeuza mpangilio wa mambo ili hali iliyoharibika nayo igeuke, na mimi ninaelekea upande wake, kwa kuwa usomaji wa Gluckman hauelezi kwa nini msafara uishie mpakani. Kuna kitu kinachotupwa. Hakirudishwi nyumbani, na hakuna anayeulizwa kiligharimu kiasi gani.

Kikundi kilikuwa na miviga ya kuanza, yenye padri, shehe na utepe, na hakikuwa na yoyote ya kumaliza. Mama yule, kwa lugha aliyoizoea, alitaja pengo hilo kwa usahihi kuliko mihtasari yote. Wanachama wengine, kwa imani zao za Kikristo na za Kiislamu, hawakutaka tambiko la mizimu, na hakuna aliyewalazimisha. Walichokubaliana baada ya jaribio la iodini ni kwamba ghala litamwagwa mbele ya wanachama wote kwa siku moja, na kwamba watakaomwaga ni wanawake wa kikundi, ambao hawakuwa miongoni mwa waliochagua tangi. Chupa zilifunguliwa moja moja, kinywaji kikapelekwa kwa mfugaji wa nguruwe upande wa pili wa barabara, na mweka hazina akasimama na daftari akifuta katoni kwa kalamu nyekundu. Iliwachukua tangu asubuhi mpaka karibu alasiri.

Ninasisitiza kwamba umwagaji huo haukurekebisha kinywaji. Kilichokirekebisha ni kurudi kwenye kupika kwanza na kutia kimea cha ulezi baadaye, katika sufuria mbili kubwa badala ya tangi. Lakini pendekezo la sufuria lilikuwa limewahi kutolewa katika kikao cha nyuma na kukataliwa, kwa maelezo kwamba kununua sufuria ni kusema tangi lilikuwa kosa. Baada ya ghala kumwagwa lilipita bila mjadala. Mtu anaweza kudai kwamba iodini peke yake ingetosha, na mwenyekiti mwenyewe anaamini hivyo. Sikubaliani naye: waliotazama kisahani siku ile waliona rangi, wakaiamini, na bado hoja iliyofuata mezani ilikuwa kununua kipimajoto cha bei kubwa zaidi kwa ajili ya tangi lile lile.

Mwanachama aliyetaka kujitoa ameondoka na hisa iliyokokotolewa upya, ndogo kuliko aliyoingia nayo. Kijana aliyesemwa kuwa na mkono mzito amerudishwa zamu. Tangi limeuzwa kwa mtengenezaji wa sabuni, na mabishano yaliyobaki katika kikundi ni kama tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia iandikwe mwaka huu wote, au igawanywe katika miaka mitatu, kama mweka hazina anavyopendelea.